Kabla Theluji Haijaanguka

Kila anayehamia Minnesota kutoka Afrika Mashariki ameshaonywa kuhusu baridi. Ameambiwa kwamba mate yanaganda kabla hayajafika chini, ameonyeshwa picha za magari yaliyofukiwa na theluji, na shangazi mmoja amemfanyia maombi maalumu. Anachokosa ni mtu wa kumwambia afanye nini. Makala haya ni yake: msaidizi wa wauguzi aliyefikia kwa binamu yake Brooklyn Park, mwanafunzi aliyepanga chumba karibu na chuo kikuu Minneapolis, familia ya Wakongo iliyokaa miaka mingi kambini Nyarugusu na sasa imepewa funguo za fleti St. Paul.

Ushauri wenyewe ni mfupi. Baridi ya huku hutayarishiwa mwezi wa tisa na wa kumi, na sehemu kubwa ya matayarisho hayo hufanyika jikoni. Mwenye chakula chake ndani halazimiki kuendesha gari juu ya barafu kutafuta kuku wa kukaanga. Tena, mwenye sufuria ya maharage ana sababu ya kuita watu, na mwenye kuita watu huuona mwezi wa pili unapita bila kuzongwa na upweke.

Ijue baridi yenyewe

Utabiri wa hewa Marekani hutolewa kwa Farenhaiti. Maji huganda kwenye 32. Ukisikia kesho itakuwa 10, usivae shati la mikono mifupi: hizo ni nyuzi 12 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Sifuri yao ni 18 chini ya sifuri yetu. Minneapolis, usiku wa Januari kwa wastani hushuka hadi karibu nyuzi 13 chini ya sifuri, na wiki kali hushuka mbali zaidi ya hapo. Rekodi ya jimbo zima iliwekwa karibu na mji mdogo wa Tower, kaskazini, tarehe 2 Februari 1996: nyuzi 51 chini ya sifuri.

Mtu wa Makete au wa Limuru hudhani baridi anaijua. Ile ya kwao huanza kuondoka jua likichomoza. Huku, asubuhi ya Januari yenye jua kali na anga la buluu lisilo na wingu ndiyo ya kuogopa, kwa sababu bila mawingu joto la ardhi hupaa lote usiku. Siku yenye mawingu mazito na theluji inayodondoka taratibu mara nyingi huwa na afadhali. Kwa hiyo usivae kwa kuchungulia dirishani. Soma utabiri, na usome pia baridi ya upepo, yaani jinsi ngozi inavyoipata baridi upepo unapovuma. Baridi ya upepo ikifika nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Masikio, pua na ncha za vidole ndivyo hutangulia. Ukihisi ganzi na ngozi ikageuka rangi, ingia ndani, zitie sehemu hizo katika maji ya uvuguvugu, usizisugue, na kama ganzi haiondoki nenda hospitali.

Mavazi ni suala la tabaka. La kwanza, linalogusa mwili, lisiwe la pamba, kwa maana pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Tafuta sufu au vitambaa vya michezo vinavyokauka haraka. La pili ni sweta nzito. La tatu ni koti refu linalozuia upepo, lenye kofia na linalofunika makalio. Glavu zinazoacha vidole vinne vikae pamoja hupasha moto kuliko zile zinazotenganisha kila kidole. Buti zichukue namba kubwa kidogo ili soksi nzito ziingie bila kubana, kwani mguu uliobanwa hupoa upesi. Vyote hivi utavipata katika maduka ya mitumba ya huku kwa bei ya kawaida kabisa, hasa ukienda Septemba kabla wengine hawajakumbuka. Wenye uwezo wa kusubiri hununua koti jipya mwezi wa tatu, maduka yanaposhusha bei, na kuliweka kwa mwaka unaofuata.

Wenye watoto wadogo washike jambo moja: koti nene halivaliwi chini ya mikanda ya kiti cha mtoto ndani ya gari. Gari likigongwa, koti hujikunja, mkanda hulegea, na mtoto anaweza kuchomoka. Mvishe sweta, mfunge mikanda ikaze, kisha mfunike kwa koti au blanketi juu yake. Kwa wa shule, nunua suruali ya theluji na buti, maana walimu huwatoa nje kucheza hata kukiwa na baridi, isipokuwa ikizidi sana.

Soko liko katika barabara nyingi

Kosa kubwa la mgeni jikoni ni kutafuta duka moja lenye kila kitu cha nyumbani. Halipo. Chakula chetu hapa kimegawanyika katika maduka ya watu wengine, kila kabila na sehemu yake, na kukijua kila kitu kinavyoitwa huko ndiyo nusu ya upishi.

Anza na Wasomali. Maduka yao yamejaa Minneapolis, na Karmel Mall, karibu na Lake Street, ndiyo maarufu kuliko yote. Huko kuna nyama ya mbuzi na ya ngamia, mchele wa basmati, samli, iliki na majani ya chai. Wengi wao walipitia Nairobi, Mombasa au kambi za Dadaab, kwa hiyo usihangaike na Kiingereza buchani.

“Habari ya leo, mama? Mbuzi yupo?”

“Yupo, mwanangu. Nikukatie ya pilau au ya mchuzi?”

Ukijibu ya pilau, utapewa mnofu na mifupa kiasi. Ukijibu ya mchuzi, mifupa itazidi. Ukisita, atakukatia anavyoona yeye.

Kwa Wahindi fuata nafaka na viungo. Unga ulioandikwa “ragi” ni ulezi, wimbi lile lile la uji wa watoto. “Jowar” ni mtama. “Toor dal” ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, nazo huiva upesi. “Jeera” ni bizari nyembamba ya pilau. Nunua iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga nzima katika mifuko yao mikubwa. Vile vichupa vidogo vya supamaketi ni ghali mno kwa kiasi kilichomo, na mara nyingi vimekaa rafuni hadi harufu imekwisha.

Kwa Walatino, kama pale Mercado Central na maduka mengine ya Lake Street, “yuca” ni muhogo, na ule wa kugandishwa umeshamenywa, tayari kwa futari ya nazi. “Plátano” ni ndizi za mzuzu. “Gandules” ni mbaazi nzima, ziwe kavu au za mkebe. “Tamarindo” ni ukwaju. Ndizi za kupika na nyama zikikosekana, chukua ndizi za kawaida zikiwa bado kijani kibichi kabisa. Zinaiva vizuri na hazina utamu.

Waliberia, ambao ni wengi Brooklyn Park, wanauza kisamvu cha kugandishwa, mawese, samaki wakavu na pilipili mbuzi. Wakongo wanaotafuta sombe waende huko. Angalia tu: kisamvu hicho kwa kawaida ni kibichi, kimetwangwa bila kupikwa. Kichemshe kwa maji mengi, sufuria ikiwa wazi, saa nzima au zaidi, ili sumu ya asili ya majani ya muhogo iondoke na mvuke, ndipo utie karanga au nazi.

Kwa Wahmong, watu wenye asili ya Kusini-Mashariki mwa Asia, katika masoko yao mawili makubwa ya St. Paul, Hmongtown na Hmong Village, kuna mchaichai, magimbi na mboga za majani ambazo hutaziona kwingine. Wakati wa kiangazi wakulima wao huleta hata majani ya maboga. Yanunue kwa wingi mwezi wa nane, yachemshe dakika mbili, yatumbukize katika maji ya barafu, yakamue na uyagandishe katika mafungu ya mlo mmoja mmoja. Januari utajishukuru.

Na supamaketi ya kawaida isidharauliwe. “Collard greens” ndiyo sukuma wiki, mboga ya Wamarekani Weusi wa Kusini, na huuzwa mwaka mzima. Majani yake ni makubwa na magumu kidogo. Toa mshipa wa katikati, katakata nyembamba sana, na uyape dakika chache zaidi ya ulivyozoea. “Black-eyed peas” ni kunde. Siagi ya karanga inayofaa kwa mchuzi ni ile ambayo orodha ya viambato ina neno moja tu, karanga. Nyingine zimetiwa sukari. Tui la mkebe liwe lile lisilo na sukari, maana lililoandikwa “cream of coconut” ni la vinywaji na litakuharibia samaki. Usiutikise mkebe. Uweke mahali pa baridi, na tui zito litapanda juu na jepesi kubaki chini: anza kupikia jepesi, malizia kwa zito, kama ilivyo desturi ya Pwani.

Ugali juu ya jiko la umeme

Ugali ndio huwakatisha tamaa wengi, na sababu huwa mbili: unga na jiko.

Tuanze na unga. Mahindi mengi ya chakula yanayouzwa huku ni ya njano, na ugali wake una utamu usiozoeleka. Tafuta mfuko ulioandikwa “white corn meal”. Halafu soma tena. Ukiona neno “self-rising”, uache, umetiwa baking powder na chumvi. Ukiona “masa”, uache pia. Ni unga wa tortilla wa Wameksiko, uliotokana na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, na harufu ya chokaa haitoki. Unga wa arepa nao umeshapikwa kiwandani, kwa hiyo hausongeki kama sembe. Maduka ya Wakenya huuza unga kutoka nyumbani. Bei ni ya juu, lakini kwa wageni na sikukuu unastahili.

Unga mweupe wa supamaketi una chembe kubwa kuliko sembe yetu. Ukiumwaga moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, utapata ugali wa mchangamchanga. Dawa yake ni uji. Koroga konzi mbili za unga katika maji baridi, mimina kwenye maji ya moto, na uache uji huo utokote dakika nne au tano hadi chembe zilainike. Ndipo uanze kuongeza unga kidogo kidogo na kusonga. Ukishashikana, punguza moto, funika, uache dakika tano nyingine, kisha usonge mara ya mwisho. Ukisikia harufu ya mahindi yaliyoiva, pakua.

Jiko sasa. Koili ya umeme haipoi upesi ukizungusha kitufe, hivyo ukitaka kupunguza moto, sogeza sufuria pembeni kwanza. Sufuria nyepesi za huku huzunguka na mwiko badala ya kutulia. Nunua moja nzito yenye mkono mrefu, ushike mkono huo kwa kitambaa, usonge ukivutia kwako. Kama jiko lako ni la kioo, usigonge mwiko wala sufuria juu yake, na wakati wa kukaza ugali shusha sufuria uiweke juu ya kitambaa kilichokunjwa mezani. Kioo kikipasuka, mwenye nyumba atakudai wewe.

Chapati na maandazi yana shida yake wakati wa baridi. Jikoni kukipoa, unga uliokandwa hukakamaa na hamira hulala. Kanda kwa maji ya uvuguvugu, kisha weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu ikiwaka. Taa hiyo inatoa joto la kutosha kuumua maandazi. Na chapati zikaangwe kwa moto wa wastani, feni ya juu ya jiko ikizunguka, kwa sababu moshi wa mafuta utawasha king'ora. King'ora kikilia, fungua dirisha na upepee kwa taulo. Betri yake isiguswe.

Friza ndiyo ghala

Chagua Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili iwe siku ya kupika kwa wingi. Maharage, mbaazi, mchuzi wa mbuzi, supu, kisamvu na sambusa mbichi hukaa vizuri kwenye friza. Chapati nazo hukaa, ukiweka karatasi kati ya moja na nyingine. Mchuzi wa nazi hukatika ukigandishwa, lakini ukiupasha taratibu huku unakoroga, hurudi. Ugali haugandishwi, husongwa siku hiyo hiyo.

Chakula cha moto kigawe katika vyombo vifupi ili kipoe haraka, na kiingie friji ndani ya saa mbili. Wali hasa usiuache mezani usiku kucha kwa kudhani nyumba ina baridi. Ndani kuna joto la nyuzi 20, na bakteria wa kwenye wali huzaliana, tena sumu yao haiondoki kwa kupasha moto. Wala usigeuze varanda yenye theluji kuwa friji. Mchana jua huyeyusha, usiku huganda tena, na kindi hawaombi ruhusa.

Maharage mekundu makavu yana onyo lake. Yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali tu. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, tia mapya, kisha yatokote kwa nguvu nusu saa kabla hujayahamishia kwenye chungu cha umeme cha kupika polepole. Chungu hicho peke yake hakifiki joto la kutosha, na kimewatapisha wengi waliotoka kazini wakidhani wamekuta chakula tayari. Chungu cha presha hakina tatizo hilo, na kwa anayefanya zamu mbili ndicho chombo cha kwanza cha kununua.

Wanaofanya kazi za usiku katika nyumba za wazee au maghala wabebe chupa ya chai ya tangawizi na chombo cha chakula kinachotunza joto. Kununua chakula kila zamu ndiko kunakomaliza pesa ambazo zingetumwa nyumbani. Dagaa, hata hivyo, wale nyumbani. Ukiwapasha kwenye maikrowevu ya kazini, harufu itakutangulia kwa wiki nzima.

Moto unaoua

Sote tunazijua habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wakakutwa wamekufa. Huku hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu nyumba zimezibwa pande zote ili joto lisitoke. Mkaa hauwashwi ndani, hata kwa nyama choma ya Krismasi, wala gerejini, wala kwenye varanda iliyofungwa. Oveni haitumiki kupasha nyumba. Gari haliachwi likinguruma gerejini hata mlango ukiwa wazi. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na watu hudhani ni mafua. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha gesi hiyo kiwe ndani ya futi 10, yaani mita tatu hivi, kutoka kila chumba cha kulala. Kama hukioni, mwulize mwenye nyumba leo. Kikilia, tokeni nje wote kwanza, kisha pigeni 911.

Hita ndogo ya umeme iwe mbali na pazia, kitanda na nguo kwa mita moja, ichomekwe moja kwa moja ukutani, na izimwe mkienda kulala.

Haki zako ndani ya nyumba

Wageni wengi hutetemeka kimya wakidhani fleti yenye baridi ndiyo hali ya huku. Sheria ya jimbo, tangu mwaka 2024, inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto la ndani linafika angalau Farenhaiti 68, yaani nyuzi 20, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, isipokuwa pale ambapo mpangaji mwenyewe ndiye anayeendesha kipasha joto. Andika malalamiko yako kwa ujumbe au barua, weka tarehe, piga picha kipimajoto. Maneno ya mdomo hayana ushahidi.

Bili za gesi na umeme zikikushinda, usijifiche. Katika miezi hiyo hiyo kuna kanuni ya hali ya baridi inayomlinda mteja wa nyumbani asikatiwe huduma ya kupasha nyumba, lakini ulinzi huo ni lazima uuombe: piga simu kwa kampuni, kubaliana mpango wa malipo, na uutimize. Ukipiga 211 utaelekezwa kwenye msaada wa bili, makoti na chakula.

Mengine ni ya mikono yako. Bandika karatasi ya plastiki kwenye madirisha. Huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na hukazwa kwa kikausha nywele. Ziba chini ya mlango kwa taulo. Usiku wa baridi kali, acha milango ya kabati la chini ya sinki wazi na bomba lidondoke kidogo, ili maji yasigande ndani ya ukuta na kupasua bomba.

Barabarani na kwa miguu

Theluji kubwa ikianguka, Minneapolis na St. Paul hutangaza dharura ya theluji, kila mji na kanuni zake za wapi pa kuegesha na lini, ili magreda yasafishe barabara. Jiandikishe upate ujumbe wa simu. Asiyehamisha gari hukuta limevutwa, na gharama ya kulikomboa inaweza kumaliza bajeti ya chakula ya wiki kadhaa.

Ndani ya gari weka sepetu, kikwangua barafu, blanketi, tochi, maji na kitu cha kula. Tangi lisishuke chini ya nusu. Ukikwama barabarani, baki ndani ya gari, na kabla ya kuwasha injini hakikisha theluji haijaziba ekzosi. Kwenye daraja na asubuhi na mapema, lami inayong'aa kana kwamba imelowa mara nyingi ni barafu. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu na usikanyage breki ghafla. Kwa miguu, tembea kama bata: hatua fupi, nyayo bapa, mikono nje ya mifuko. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani baridi humaliza chaji mara moja.

Anayefanya kazi katikati ya Minneapolis ajifunze njia za juu zenye vioo zinazounganisha majengo, jumla ya kilomita 15 hivi. Unaweza kutoka ofisini hadi benki hadi mgahawani bila kuvaa koti.

Mwili na moyo

Desemba jua huzama kama saa kumi na nusu jioni, na mchana mzima hauzidi saa tisa. Tulizoea saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mwili hushtuka. Jua la majira hayo liko chini mno kuisaidia ngozi kutengeneza vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ya nyeupe. Kukaa dirishani hakusaidii, kioo huzuia miale inayohitajika. Kula samaki wenye mafuta kama dagaa na salmoni, kunywa maziwa ya huku ambayo huongezewa vitamini hiyo, na mwombe daktari akupime kabla ya kununua vidonge. Watu wazima wengi huhitaji yuniti 600 kwa siku.

Hewa ya ndani hukauka kwa sababu ya hita, na ngozi hupauka na kuwasha. Oga kwa maji ya uvuguvugu badala ya moto sana, na upake vaseline au siagi ya shea ukiwa bado na unyevu.

Kuna huzuni inayokuja na giza. Unalala sana, huna hamu ya kupika, simu za nyumbani unaziacha ziite. Huo ni ugonjwa unaojulikana na wenye tiba. Toka nje adhuhuri hata kwa robo saa. Taa maalumu ya mwanga wa laksi 10,000, nusu saa kila asubuhi, huwasaidia wengi. Ikizidi, mwone daktari. Na fikra za kujidhuru zikikujia, piga 988 saa yoyote, usiku au mchana.

Dawa nyingine ni watu. Huku hakuna kupiga hodi ghafla, na milango ikifungwa Novemba jirani anaweza asionekane hadi Aprili. Kwa hiyo ukaribu lazima upangwe. Kubalianeni kwamba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi ni kwa fulani, kila mtu aje na sufuria. Tafuta ibada ya Kiswahili au msikiti wa karibu. Ramadhani sasa inaangukia katika majira ya baridi na itaendelea kusogea kuelekea Desemba, hivyo futari ni mapema na saumu ni fupi. Usishangae pia Mmarekani akikusalimia kwa Kiswahili kanisani. Walutheri wa eneo la St. Paul wana ushirika wa miaka mingi na Dayosisi ya Iringa, uitwao Bega kwa Bega, na wako wazee wa huku waliokula ugali Iringa kabla wewe hujazaliwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la huku ni sepetu ya theluji, orodha ya maduka na sufuria nzito. Kama wewe ni mgeni, nunua buti na ujaze friza kabla ya Oktoba kwisha. Kama wewe ni mwenyeji, hakika yupo mtu aliyefika mwaka huu ambaye bado hajui unga upi wa kununua. Mpigie wiki hii, umpeleke dukani mwenyewe.